Mkweo Amekuulizia

Mama,

Nimemwona babu. Nimeanza na hilo kwa sababu ndivyo ulivyonizoesha. Nikirudi shule mdomo umejaa maneno, ulikuwa ukiniambia, "Atupele, tua mzigo kwanza, habari za njiani baadaye." Basi mzigo nimeutua. Baba yake baba yupo hai, anakaa Makwale, na tangu mpunga uvunwe mimi naishi kwake.

Sasa habari za njiani.

Tulipokuzika, chumbani kwetu nilikaa peke yangu kwa muda mfupi tu. Bi Mwanaidi alikuja asubuhi moja akasema bati linavuja, akachukua godoro langu akalipeleka kwake ndani. Bati halikuvuja, Mama. Masika yote yale hakuna tone lililoingia. Lakini unamjua, hapendi kuonekana anamhurumia mtu. Alipotoka Pangani na mumewe kuja kuuza nguo Kyela, mume akafa, yeye akabaki na duka, na nadhani tangu hapo alijifunza kuficha huruma kama anavyoficha noti, ndani kabisa.

Ungeliona duka lake sasa. Ile rafu ya juu iliyokuwa na viberiti na majani ya chai tu imejaa: sabuni za kila rangi, mafuta ya nywele, redio ndogo, sukari kutoka ng'ambo ya mto Songwe. Nje wamejipanga wauza mitumba hadi kwenye kona ya mashine ya kukoboa. Bi Mwanaidi anasema zamani watu walipanga foleni kungoja bidhaa, siku hizi bidhaa ndizo zinazopanga foleni kungoja watu. Nilijaribu kuendeleza vitumbua vyako. Unga ni uleule, mchele uleule, chuma kilekile, lakini vyangu vinakuwa vigumu upande mmoja na upande wa pili bado vinalia ubichi. Wateja wako walinunua kwa ajili yako, wakavila wakinitazama kwa upole. Upole wao uliniumiza zaidi kuliko kama wangevirudisha.

Kisha ikaja habari kwamba dada yake Bi Mwanaidi huko Pangani ni mgonjwa wa kitandani na hana mtu. Ilibidi aende, na aende moja kwa moja. Aliniita jikoni, akaniambia anaweza kunichukua, lakini nitaacha shule katikati ya mwaka niende kukaa na mgonjwa katika mji nisikomjua mtu. "Nakupenda, lakini mie si damu yako," alisema. "Baba yako hakuota kama uyoga. Ana kwao. Kabla sijaondoka nataka nijue ni wapi."

Nilikataa. Nililia nikamwambia heri Pangani.

Nilikuwa naamini, Mama, kwamba watu wa baba ni adui zetu. Hukuniambia hivyo hata siku moja, nilijijazia mwenyewe. Baba alipofia ziwani na mtumbwi nilikuwa sijajua hata kutamka vizuri, kwa hiyo kila nilichojua kuhusu kwao nilikijua kwa kukutazama wewe. Nikikuuliza babu anaitwa nani, uliinuka ukaenda kuchochea moto ambao haukuwa na shida yoyote. Siku ya kuniandikisha shule mwalimu alitaka majina matatu, ukasema, "Andika Atupele Gwakisa, yanatosha." Akasema hayatoshi. Ukatazama chini mpaka akachoka yeye.

Tena kuna ile siku ya njia ya Itungi. Tulikuwa tunarudi kununua usipa, wale dagaa wa ziwani, mvua imetoka kunyesha. Mbele akatokea mzee mwenye koti la kahawia na fimbo. Ulinishika mkono ukanivuta nje ya barabara, tukaingia kwenye jaruba la mpunga, maji yakanifika magotini. Ukachuchumaa, ukajifunika kitenge kichwani, ukampa mgongo. Mimi nilichungulia. Yule mzee alisimama. Akakohoa, akageuzia uso pembeni, kisha naye akaiacha barabara akapita mbali, kwenye migomba ya watu, kana kwamba sisi ndio tuliobeba ugonjwa. Tulipotoka ulianza kutembea haraka. Nikauliza ni nani. Ukasema, "Ni babu yako," ukaniambia nitembee.

Wewe mwenyewe niambie, mtoto angefikiri nini? Bi Mwanaidi nilipomsimulia zamani alisema mtu hamkimbii asiyemuumiza, tuwaache hukohuko. Pale uani kwetu wapangaji walikuwa watu wa pwani na Wakinga, na hapakuwa na mwanamke aliyekaa karibu na wakwe zake. Nilijua wakwe huheshimiwa. Nilidhani heshima ni kupiga goti na kusalimu, kama kwa wazee wote.

Lakini Bi Mwanaidi akishaamua, ameamua. Alikwenda Itungi akauliza mpaka akampata mtu aliyewahi kupakia mizigo pamoja na baba. Yule alikumbuka kwamba Gwakisa alikuwa wa Ngana, upande wa mtoni. Jina la baba mtu hakulijua. Basi Jumamosi tukapanda baiskeli za kubeba abiria, yeye na buibui lake na mwavuli, mimi nyuma yao kwenye baiskeli nyingine. Kila tulipoingia kwenye korongo nilisikia sauti yake: "Taratibu kijana, mie si gunia la mpunga." Na yule mwendeshaji akajibu kwamba angekuwa gunia angekuwa amekwisha mshona mdomo. Nilicheka, Mama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu uondoke, nikajisikia vibaya, kisha nikacheka tena.

Ngana tulizunguka bila kupata kitu. Kila nyumba waliuliza jina la mzee, na mimi nilisema silijui. Wengine walinitazama kama mwizi wa ng'ombe aliyejifanya mgeni. Mjukuu gani hajui jina la babu yake? Mwishowe tulimkuta mama mmoja anapepeta mpunga, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya. Naye akauliza jina. Nikamwambia mama yangu hakuwahi kulitaja. Alikuwa amenyanyua ungo. Akaushusha.

"Sasa angelitajaje?" alisema. "Ni mkwewe."

Sikuelewa. Akamtazama Bi Mwanaidi kama anayetafuta mtu mzima wa kuzungumza naye, lakini Bi Mwanaidi pia hakuelewa, na miaka yote aliyokaa Kyela. Ikabidi yule mama atueleze kama watoto wa chekechea. Mwanamke hataji jina la baba mkwe. Hamtazami usoni. Hali naye, hakai naye nyumba moja, akikutana naye njiani anatoka njiani. Na mkwe naye, akiwa mtu wa heshima, anakohoa ili mwanamke ajue yupo, kisha anajitenga ampishe. Nikamsimulia kuhusu jaruba la mpunga. Alicheka mpaka akapangusa macho kwa kanga, akasema kuna siku yeye mwenyewe aliingia shimoni na mtungi wa maji kichwani, na mtungi haukumwagika. "Mama yako alimheshimu kweli," alisema. "Hawa wa siku hizi wanainamisha kichwa tu, wanaona wamemaliza."

Mama, nilikaa chini palepale kwenye makapi ya mpunga. Miaka yote ile nilikuona unakimbia, kumbe ulikuwa unasalimia.

Kisha yule mama akasema mzee ambaye mwanawe Gwakisa alifia ziwani anamjua. Alifiwa na mkewe, kisha mto ulipohama ukala shamba lake na nyumba, akahamia Makwale kwa watu wa ukoo. Akatutajia jina. Sasa nalijua, na shuleni limekwisha andikwa baada ya la baba. Lakini hapa siliandiki. Barua hii ni yako, na jina hilo hujawahi kulitia kinywani. Sitakulazimisha ulisome.

Wiki iliyofuata tukaenda Makwale. Sikulala vizuri siku zile. Kujua kwamba hakuwa adui hakukuniambia kwamba ananitaka. Mzee aliyepoteza mtoto, mke na shamba anaweza kuwa amefunga mlango, nami ningekuwa mzigo mwingine umekuja na buibui na mwavuli. Kama angesema hapana, ilibaki Pangani.

Nyumba yake imezungukwa na kakao na migomba, uwanja umefagiliwa hadi unaona alama za ufagio. Tulimkuta mke wa baba mdogo anageuza kakao kwenye mkeka, ile harufu yake ya uchachu imejaa kila mahali. Alitukaribisha vizuri. Alikuwa katikati ya kuuliza tumetoka wapi, mara tukasikia kikohozi nyuma ya nyumba. Aliacha neno hewani, akajivutia kanga, akatokomea nyuma ya migomba. Tukabaki sisi na kakao.

Nikaingiwa na hofu. Nilikuwa nimejifunza juzi tu, na nilitaka sana asije akasema mtoto wa Gwakisa hana adabu. Nikachuchumaa, nikajifunika kitenge chako kichwani, nikampa mgongo.

Nilisikia fimbo, kisha fimbo ikasimama. Bi Mwanaidi akaninong'oneza, "Mwanangu, unafanya nini?" Sikujibu, kwa sababu nilidhani hata kujibu ni makosa. Na babu, Mama, babu alipoona mwanamke amejifunika anamkimbia, naye akageuka. Alidhani mimi ni mkwe. Alimwuliza Bi Mwanaidi, akiwa ametazama zizi la ng'ombe, mwanawe ameoa lini mke wa pili bila kumwambia, tena kutoka kwa watu wenye adabu kiasi hiki.

Bi Mwanaidi alisimama kati ya migongo miwili. Baadaye aliniambia kwamba alisoma dua zote anazozijua asicheke. "Mzee," alisema, "huyu si mkweo. Huyu ni mjukuu wako, mtoto wa Gwakisa."

Kuku alipita kwenye kakao na hakuna aliyemfukuza. Kisha nikahisi kitenge kinavutwa polepole kutoka kichwani kwangu, na ncha ya fimbo ndiyo iliyokuwa inakivuta.

"Mjukuu hanikimbii mimi," alisema. "Mjukuu ananivuta ndevu. Geuka."

Nikageuka. Ndevu hana, Mama, ana vinyweleo vichache tu kidevuni, sijui alitaka nivute nini. Alinitazama muda mrefu. Akauliza nani amenifundisha kujifunika vile. Nikasema ni mama. Akauliza kama mama hajambo. Nikamgeukia Bi Mwanaidi. Yeye ndiye aliyesema kwamba tumekuzika.

Alikaa kwenye gogo. Akabaki pale mpaka mama mdogo, aliyekuwa amesikia yote kutoka nyuma ya migomba, akaanza kulia kule kule alikojificha. Hapo ndipo babu alipoanza kueleza. Ulipoomba kwenda kukaa mjini baada ya msiba wa baba, alikubali. Nyinyi wawili hamkuwahi kusemezana, kila neno lilipita kwa bibi, na bibi alikuwa akija Kyela kukuona na kumrudishia habari zangu: ameota meno, anatembea, ana kelele. Kisha bibi akafa, na baba mdogo alikuwa kazini Mbeya. Hapakubaki mdomo kati yenu. Mto ulipochukua nyumba, alifunga safari mwenyewe kukuletea habari zote mbili. Alikuona njiani. Ukampisha. Naye akakupisha. Alimwachia maneno mwanamke mmoja sokoni ili akufikishie, na maneno yale hayakufika.

Kwa hiyo siku ile, Mama, alikuwa amekuja kwetu.

Kisha akasema kitu ambacho nimekuwa nikikigeuza kichwani kila siku tangu hapo. Alisema watu wa ukoo watamwuliza mtoto amefanana na nani. "Macho ni ya Gwakisa. Paji la uso ni la bibi yako. Hayo mengine yatakuwa ya mama yako, lakini sijui. Sikuwahi kumtazama."

Anakujua kwa mambo mengine. Anajua mlio wa mchi wako, kwamba ulikuwa unatwanga ukipumzika kidogo kila mara kumalizia mstari wa wimbo. Anajua ndizi zako kwa sababu bibi alipompelekea chakula alikuwa anatambua siku uliyopika wewe. Aliniuliza kama uliendelea kuimba. Nikamwambia mjini tulipeleka mpunga mashine, lakini uliimba ukikaanga vitumbua, na ukiimba sana viliungua. Alifurahi mno kuhusu vilivyoungua. Ilikuwa kama nimempa samaki mzima wa mbasa.

Bi Mwanaidi alifungua mkoba wake akatoa ile picha yako ndogo uliyopigwa studio ukiwa umevaa gauni la Pasaka. Alikuwa ameiweka salama kwa ajili yangu. Akaishika akamwelekezea babu. Babu aliinua mkono kujikinga, kama mtu anayekinga jua.

"Hata sasa?" aliuliza Bi Mwanaidi.

"Hata sasa. Yeye ameishika heshima mpaka mwisho. Mimi nimwachie njiani?"

Lakini alitaka kujua. Niliona anavyotaka. Akaniambia nikae, nimweleze, kwa sababu kusikia hakukatazwi. Akageuzia uso kwenye kakao, mimi nikaanza. Nilimwambia una mwanya wa mbele. Una kovu dogo kwenye nyusi ya kushoto ulilolipata kwa kugongana na mbuzi, na ulikuwa ukisema mbuzi ndiye aliyepata hasara. Nikamwambia ukikasirika sikio lako moja linasogea. Rangi yako ni ile ya kakao ikiwa nusu imekauka, wala sikutafuta mfano mbali, ilikuwa imeanikwa pale mbele yetu. Nilimwambia ukicheka unaficha mdomo na kiganja, na jinsi ulivyokonda mwishoni lakini mashavu yakakataa kukonda. Nilidhani nitashindwa kufika mwisho. Nilifika. Alipoona nimemaliza akanishukuru, "Ndaga, mwanangu. Sasa nimemwona."

Jioni ile aliniuliza, akauliza kama anayeomba, kama nitakubali kukaa kwake. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Alimpa Bi Mwanaidi jogoo hai aende kumchinja kwa taratibu zake, na jogoo huyo alimtia aibu njia nzima kwenye mapaja. Bi Mwanaidi ameshaondoka. Tuliagana kwenye basi la Mbeya asubuhi, akanipa chuma cha vitumbua akakifunga kwenye gazeti, akaniambia nimwandikie kila muhula na nisimwandikie uongo. Hakulia. Alinikemea kuhusu kola ya sare yangu, kwa hiyo nikajua.

Hapa maisha ni mazuri, Mama, ingawa si rahisi. Shule ni mbali kidogo, matope ni mengi, na mwalimu wa hisabati ananitaka nifanye mtihani wa kwenda sekondari kama mtu anayejua anakwenda. Nitajitahidi. Baba mdogo anauza kakao kwa wanunuzi wapya wanaokuja na mizani zao wenyewe, na mabishano ya mizani ndiyo redio yetu. Mama mdogo ananifundisha kusuka mikeka, na babu akikohoa anatoweka katikati ya somo, mimi nabaki na ukindu mkononi. Babu ananiita mke wake mdogo. Vitumbua vyangu alivijaribu, akauliza mbele ya wageni, "Mke gani huyu anayetaka kunimalizia meno mawili niliyobakiza?" Nikamjibu kwamba mume mwenye meno mawili hachagui chakula. Wageni waliangua kicheko. Zamani ningeogopa kumjibu mzee hivyo. Sasa najua kwamba huo ndio wajibu wangu, kama wako ulivyokuwa wako.

Usiku bado nakutafuta kwa mkono kitandani. Nakuambia ili usidhani nimehama moyoni pia.

Kuna jambo moja limebaki. Babu anataka kuja kaburini kwako. Hakuna anayejua kwa hakika kama mkwe anaruhusiwa. Wazee waliulizana, kila mmoja akasema lake. Mwishowe babu akaamua mwenyewe kwamba atasimama barabarani, nje ya ua wa makaburi, na mimi nitaingia. Atasema aliyotaka kusema tangu bibi alipofariki, nami nitayaleta mpaka ulipo, neno kwa neno, bila kupunguza. Kisha nitakaa nawe kidogo, nirudi kwake nimwambie umepokea.

Nakuahidi, Mama, hiyo ndiyo itakuwa kazi yangu kati yenu, na nitaifanya kila mwaka mpunga ukiingia ghalani, hadi siku nitakapokuwa na mambo ya wote wawili ya kuwasimulia watoto wangu. Tunakuja Jumapili baada ya ibada. Nitatangulia mimi.

Mwanao,
Atupele